Neno Lililoangusha Jiwe

Vijana wangu wa karakana, siku ile mliyoniaga mlinikabidhi kipaza sauti nami nikakiogopa. Nikasema asanteni, nikakaa, mkapiga makofi, tukala wali. Niliyotaka kusema yakabaki tumboni pamoja na wali wenyewe. Sasa nayaandika. Nimesoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa upande, ichukulieni kama tofali la fundi mgeni. Msibomoe ukuta mzima kwa ajili yake.

Habari za vyeo na mishahara siandiki. Vyeo nilivyopata mnavijua na mishahara mnaijua zaidi, maana mliicheka. Nitasema habari za kazi, na ndani ya kazi nitasema habari ya jiwe moja.

Nilifika misheni kwa miguu kutoka Mollo, nimebeba jembe la baba. Nilikuwa nimeambiwa kuna kazi, na mimi kazi niliyoijua ni kulima. Wakati ule ujenzi ulikuwa chini ya Bruda Emili, Mfaransa mrefu mwenye mikono kama sepetu. Akalichukua jembe, akaupapasa mpini, akasema, "Mpini mzuri. Kichwa tutaona." Kisha akanipa chekeche. Msimu mzima nikachekecha mchanga, na upepo wa Julai wa huku kwetu, mnaujua, unakuingia mbavuni kama mtu anatafuta kitu alichosahau humo. Nilidhani ananiadhibu. Kumbe alikuwa anangoja aone kama nitaanza kuuchekecha ovyo nikichoka.

Baada ya mchanga akanipa chokaa. Siku hizi mnafungua mfuko wa saruji kama mnafungua unga wa sembe. Sisi chokaa tuliizima wenyewe, tukaimwagia maji shimoni ikachemka kama ina hasira, tukaifunika, tukaiacha ilale mpaka ilainike kama siagi. Bruda hakuwa mtu wa kusalimia. Asubuhi akifika, badala ya kuuliza umeamkaje, anauliza, "Chokaa imeiva?" Ukisema imeiva, anaingiza mwiko, anatazama, anasema bado.

Na mwiko wa mtu haukuguswa. Alikuwa akisema, "Ndiyo maana unaitwa mwiko," na hilo alilitunga mwenyewe kwa Kiswahili chetu, akalicheka peke yake kila mara kama jipya. Timazi yake ya shaba, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, ndiyo ile iliyoning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa karakana. Ni ile ile. Akining'iniza uzi wake anasema, "Timazi haina ndugu." Nimewaona mkipima kwa macho, vijana. Macho yana ndugu.

Nimeanza kupotea njia. Nirudi.

Bruda alijua Kiswahili, lakini kwenye kamba alitumia maneno yake matatu. Alisema ni mafupi na yanasikika kwenye upepo. *Tire*, maana yake vuta. *Lashe*, achia. *Dusima*, polepole. Tuliyazoea mpaka tukayafanya yetu. Hata leo fundi wa Sumbawanga akimwambia mwenzake "shusha dusima," hajui neno limetoka wapi. Wengine huapa ni Kifipa cha zamani. Mimi mwenyewe nilimsikia bibi mmoja sokoni akimwambia mjukuu wake aliyebeba mayai, "Dusima, mwanangu, dusima."

Tulipofikia kuinua mnara wa kanisa, fundi wa kona alikuwa Gaspari. Kwa kona sijaona mwingine kama yeye, na kwa mdomo pia sijaona. Mtu wa kamba alikuwa Fidelis, wa kutoka Mwimbi, kimya, mabega mapana. Kamba ilipanda kwenye kapi juu ya jukwaa, ikashuka upande wa pili wa ukuta, ikazungushwa kwenye nguzo, na Fidelis akashika mkia wake. Kutoka pale haoni jiwe wala hamwoni aliye chini ya jiwe. Kazi ya mtu wa kamba ni masikio.

Jumapili moja kwenye pombe ya ulezi Gaspari akamwanza. "Fidelis, wewe mikono yako ni ya kusuka mikeka. Kamba ya kweli wanashika wanaume."

Watu wakacheka. Fidelis akanywa kidogo, akaweka kibuyu chini. "Utaona," akasema.

"Nitaona nini?"

"Utaona siku moja."

Ndiyo hivyo tu. Maneno ya pombe. Gaspari alimnunulia kibuyu kingine na wakaimba pamoja, nilikuwepo. Lakini watu hawakukumbuka wimbo. Walikumbuka "utaona."

Juma lile lile tulikuwa tunapandisha jiwe la kona. Mimi nilikuwa nyuma, shimoni kwenye chokaa, kwa hiyo nitakayosema nimeyapata kwa walioona. Jiwe lilinasa kwenye mti wa jukwaa. Gaspari akaingia chini yake na mtaimbo ili alichomoe. Likachomoka ghafla, likabembea juu ya kichwa chake, jukwaa likalia. Bruda alikuwa juu kabisa. Akapiga kelele.

Mimi nilisikia kelele, sikusikia neno. Kisha nikasikia kishindo, na baada yake kimya, kile kimya ambacho hata kunguru wanakiheshimu.

Sitawaandikia nilichokuta. Tulimfunika Gaspari kwa turubai la chokaa. Mkewe, Mama Koleta, alikuwa njiani kumletea chakula, mtoto mgongoni. Nilimwona anakuja na hakuna aliyekwenda kumzuia. Sote tulikuwa tunangoja mwenzetu ndiye aende.

Askari walikuja, wakamhoji kila mtu peke yake. Bruda akasema, "Nilisema asiachie." Fidelis akasema, "Bruda alisema lashe. Tena alisema lashe pa! Nikaachia pa!" Akaonyesha kwa mikono jinsi alivyoachia, maana sisi tukisema pa, ni kitu cha ghafla, cha mara moja. Na Bruda alikuwa ametufundisha kuwa jukwaa likianza kuvunjika, bora jiwe lianguke kuliko livute watu. Basi Fidelis alisikia jukwaa likilia, akasikia ameambiwa aachie upesi, akaachia upesi.

Mmoja kati yao anadanganya, watu wakasema. Na Bruda ni mtu wa Mungu. Halafu kuna ile "utaona."

Fidelis alikaa mahabusu, akatolewa kwa kukosa ushahidi, akakuta ameshahukumiwa barabarani. Wakubwa wa Bruda wakamwondoa huku upesi, akarudi kwao Ufaransa bila kuaga. Timazi yake aliiacha kwenye msumari. Fidelis alirudi Mwimbi akalima ulezi. Akienda kusali, benchi lake linabaki na nafasi. Akipata homa jirani yake anasema damu ya mtu haiozi. Mama Koleta hakuwahi kumpa mkono tena. Wakikutana kwenye gulio la Laela anageuka, anatazama mahindi ya watu mpaka Fidelis apite.

Tuliumaliza mnara. Upandeni mkautazame. Kona ya juu si ya Gaspari, na kama una jicho utaona ilipoishia mikono yake. Sikuwahi kuirekebisha. Katika miaka yangu iliyofuata nimejenga madarasa, visima, na makaburi mengi kuliko madarasa. Nimewafundisha baadhi yenu, nimewafukuza wengine. Na kila niliposimamia kamba nilimuuliza mtu wa kamba kwanza, "Nikisema hivi, utafanya nini?" Mlinicheka kwa hilo. Mlisema Mzee Ladi anaifundisha kamba katekisimu.

Sasa, nilipokuwa nakaribia kustaafu, habari ikaja. Parokia ya kwao Bruda wanataka mmoja wa mafundi wake wa zamani aende amwone kabla hajafa. Wote wamekwisha, nimebaki mimi, na Fidelis ambaye hakuna aliyemtaja. Uhamiaji walinisumbua kwa alama za vidole. Mashine ikawa inanikataa, maana chokaa na mawe yamekula vidole vyangu vikawa laini kama kijiko. Binti wa pale akasema, "Mzee, wewe huna vidole." Nikamwambia ninavyo, nimeviacha ukutani.

Kabla ya safari nilikwenda Mwimbi. Fidelis alikuwa amekaa juani, macho yameanza utando.

"Ladi, unakwenda kwake?"

"Nakwenda."

"Muulize siku ile alisema nini. Mimi nataka kumpa mkono Mama Koleta kabla sijafa. Sitaki kingine. Akikiri mbele yako kuwa alisema lashe, utamwambia yule mama, na wewe atakuamini."

Nikamwahidi.

Mambo ya ndege nawaachia waliozoea. Nitasema siku moja tu, ile waliyotupeleka, mimi na Bruda, kwenye mji wa ukuta, kwa sababu huko ndiko Bruda alikojifunza uashi akiwa kijana. Tulikwenda asubuhi tukarudi jioni. Alikuwepo mpwa wake, mama wa makamo anayesukuma kiti cha magurudumu, na Bruda mwenyewe ndani ya kiti, amekwisha, mikono tu ndiyo imebaki na ukubwa wake. Alikuwepo pia Sista Odeta wa kutoka Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambaye ndiye aliyekuwa mdomo wangu, akinitafsiria.

Huo mji, vijana, uko juu ya kilima kama umewekwa na mtu anayeogopa. Kuta mbili, moja ndani ya nyingine, katikati njia ya majani, na minara yenye mapaa yaliyochongoka kama penseli. Babu yangu alisema vijiji vya Wafipa vya zamani vilizungushiwa boma la miti kwa kuogopa Wangoni. Nikaona ni hofu ile ile, ila ya hawa ilikuwa na mawe na muda. Mawe ya chini ni madogo, yamepangwa na mistari ya matofali katikati. Juu yake makubwa, ya mikono mingine, karne nyingine. Nilipitisha kiganja kwenye kiungo. Chokaa. Nikamwambia Sista, "Hii waliizima vizuri." Sista akasema yeye anaona ukuta tu.

Kuna matundu juu ya lango. Sista akasoma ubao: ni ya kuwamwagia watu mawe na vitu vya moto wakija bila kukaribishwa. Chini ya matundu hayo hayo kuna duka linawauzia watoto panga za plastiki. Watalii wanapita wanakula barafu tamu. Nikawaza, mtu alikufa hapa langoni akitazama juu. Jambo moja nilishukuru, niliposema nimetoka Sumbawanga hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekuja kwa ungo, kama mchawi.

Njia za ndani ni za mawe ya duara. Kiti cha Bruda kikawa kinaruka. Mtu mmoja akaja kumsaidia mpwa wake kukishusha kwenye ngazi, na yule mama akamwambia, "Dusima, dusima."

Nilisimama. Kisha nikacheka mpaka Sista akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Hilo neno ni la kwetu." Akacheka naye, "Papa, hilo ni la kwao." Nikajisikia kama mtu aliyekuta ng'ombe wake aliyepotea katika zizi la mwingine, na kumbe alizaliwa humo.

Tukakaa kivulini chini ya ukuta wa ndani. Nikaona ndio wakati. Nikainama mbele ya Bruda, nikamshika magoti. Alikuwa ameshanisikia nikimsalimia na hakuonyesha kunijua.

"Bruda. Ni mimi, Ladi wa chekeche. Fidelis amenituma. Siku ile ya Gaspari, ulisema nini?"

Alinitazama. Midomo ikafunguka. Nikadhani jibu linakuja.

"Chokaa imeiva?" akasema. Kwa Kiswahili, safi kabisa.

"Imeiva, Bruda."

"Bado," akasema, akatazama pembeni.

Mpwa wake akamfuta mdomo. Nikaketi kwenye jiwe. Nimevuka dunia kwa ajili ya neno moja, nikapewa hilo. Nilianza kutunga nitakachomwambia Fidelis, na yote niliyotunga yalikuwa uongo.

Mbele yetu kulikuwa na mafundi wanatengeneza kipande cha ukuta. Wamezungushia utepe, wamefunga kapi juu ya jukwaa la chuma, wanapandisha jiwe kwa kamba, kama sisi, maana mtambo mkubwa haupiti kwenye vile vichochoro. Nikawa natazama kwa mazoea. Jiwe likapanda, likagusa chuma, likageuka. Yule aliyekuwa juu akapiga kelele.

"Lashe pa! Lashe pa!"

Nikaruka kumtafuta mtu aliye chini. Mwili wangu wote ulingoja kishindo. Lakini wale wa kamba hawakuachia. Walijitupa nyuma, wakakaza mpaka shingo zikatoka mishipa. Jiwe likatulia.

Na mkono wa Bruda ulikuwa umenishika kifundo cha mkono. Sijui aliunyoosha saa ngapi. Ulinikaza kama jiriwa, macho yake kwenye lile jiwe.

"Sista," nikasema. "Yule amesema nini?"

"Banasema musiachie."

"Amesema lashe."

"*Lashe* ni achieni. Yeye amesema *lashe pa*. Ile *pa* ndiyo inakataa."

"Iko nyuma?"

"Iko nyuma, papa. Kwao inakuja nyuma."

Hapo ndipo nilipomsikia Bruda yule wa juu ya mnara. Alipoona mtu anakufa, Kiswahili kilimtoka, yale maneno matatu ya kamba yakamtoka, akabaki na lugha ya mama yake. Akasema usiachie kwa jinsi wanavyosema kwao. Na Fidelis upande wa pili wa ukuta akasikia "achia" iliyofundishwa na mtu huyo huyo, ikifuatwa na pa yetu. Wote wawili walisema kweli kwa askari. Kweli mbili zilikuwa katika vyumba viwili, na hakuna aliyefungua mlango kati yao.

Bruda aliniachia baadaye, tulipokuwa tunaondoka. Alama za vidole vyake nilizikuta bado jioni. Alikufa sijarudi hata nyumbani.

Nilipofika Sumbawanga nikapitiliza mpaka Mwimbi. Nikamweleza Fidelis yote, ukuta, jiwe, kelele, Sista. Nilisema kama nilivyoyaona, sikuongeza dusima yoyote ya kuyalainisha.

Akageuza uso wake kwangu. Kisha akasema, "Kwa hiyo aliniambia nishike."

"Alikuambia ushike. Na wewe ulisikia achia."

"Miaka yote nimelala usingizi kwa sababu nilijua niliambiwa." Akapapasa viganja vyake, kimoja kwa kingine. "Hiyo pa ni ndefu?"

"Fupi."

"Mbona hawaiweki mbele, Ladi? Sisi tunatanguliza. *Msi*. Mtu anajua kabla mkono haujafunguka."

Nilimuuliza kama bado anataka nimweleze Mama Koleta, maana ushahidi aliouagiza siwezi kumpa tena. Akasema, "Mwambie. Kama ulivyoniambia mimi. Usinipunguzie."

Mama Koleta nilimkuta Mollo uani kwake, anapepeta ulezi. Nikasema, hakuacha kupepeta. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Hiyo pa ndiyo iliyomuua?"

"Ndiyo hiyo."

Ungo ukasimama. "Basi niambie nimchukie nani. Nimekuwa na mtu wa kumchukia tangu Koleta yuko mgongoni. Umekuja umeninyang'anya. Umeniachia nini?"

"Fidelis anaomba mkono wako, mama."

"Nenda, Ladi. Ulezi utaingia mchanga."

Nikaenda. Fidelis hakuniuliza Mama Koleta alijibu nini. Alisikia kwenye hatua zangu, alisema baadaye. Baridi ya mwaka ule ilimkuta kifuani, naye hakuipigia makelele. Mwanawe akanipigia simu.

Maziko ya Mwimbi hayakuwa na watu wengi, kama mnavyoweza kudhani. Nilipowaona wale kina mama wa Mollo wanashuka kwenye gari la mizigo nilidhani wamekosea msiba. Mama Koleta alikuwa katikati yao. Alikaa mbali, kwenye nyasi, amejifunika kitenge mpaka puani. Hakumsalimu mtu.

Wakati wa kushusha jeneza vijana wa pale waliingiza kamba chini, wawili huku, wawili huku. Udongo ulikuwa umelowa. Mmoja akateleza, upande mmoja ukashuka ghafla, jeneza likainama, na nikaona mikono ya yule wa pili inaanza kufunguka. Mimi ndiye niliyepaswa kuita. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuita. Nikafungua mdomo, na neno lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa lile la Kifaransa, nikalimeza.

"Msiachie!"

Sauti ilitoka nyuma, kwenye nyasi. Alikuwa amesimama, kitenge kimemdondoka mabegani.

"Msiachie, jamani! Msiachie!"

Vijana wakakaza. Jeneza likakaa sawa, likashuka taratibu, likafika.

Mama Koleta akaokota kitenge chake, akakikung'uta nyasi, akaja mpaka ukingoni. Akachota udongo kwa mkono wa kulia, akaushika kwanza, kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake, ndipo akauachia.